Mahali pa Kuweka Kiti

Siku yangu ya kwanza kazini, Patron, mwenye magazini, duka la redio katikati ya mji wa Likasi, Kongo, hakunionyesha bei wala funguo. Alinikalisha kwenye kiti mbele ya bafle mbili, yaani spika za muziki, akatia kaseti.

"Ikala, sikiya," alisema. "Kuuza utajua kisha."

Nikakaa asubuhi nzima, msichana niliyetoka shule juzi, nikidhani ananitania. Kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Ninyi vijana mnachagua bafle kwa kutazama taa zake. Wateja wetu walisikiliza kwanza. Tulizipanga mbili kwa umbali sawa na kiti, tukaangalia nyaya za plus na minus zisipishane, maana zikipishana sauti nzito ya bass inapotea. Niligusa kwa vidole membrane, ile karatasi ya duara inayotetemeka, nijue kama imepasuka. Kisha wimbo uleule kwenye kila jozi, kwa nguvu ileile, kwa sababu bafle inayopiga kelele zaidi hudanganya kila mtu.

Miaka ya tisini ikaleta uporaji. Magazini ikabaki kuta, Patron akaenda zake. Nikahamia kwa Chef wa Atelye, mkuu wa karakana, fundi aliyekuwa akitutengenezea mashine, sasa akitengeneza na kuuza bafle barazani kwake. Viwanda vilikuwa vinasimama, mishahara haitoki, umeme unakatika. Tulijaribu bafle kwa betri ya gari. Watu waliendelea kuja.

Jumamosi moja akaja Papa Ilunga. Alikuwa ametumika maisha yake yote kwenye mashine za kusaga mawe ya shaba, nazo zilikuwa zimemla masikio. Mkewe, Mama Ngalula, mwimbaji wa kwaya, alituambia wazi kwamba kumuuzia kiziwi bafle ni kumwibia. Mumewe hakumsikia. Alitoa mfukoni kaseti ya kwaya ya mkewe, akaomba bafle kubwa kuliko zote.

Tukaziwasha. Akakunja uso. Tukaongeza sauti, jirani akatoka nje kutazama. Papa Ilunga akatikisa kichwa, akasema anasikia ngurumo tu, kama kazini. Akanyoosha mkono arudishiwe kaseti. Mama Ngalula aliinama, na hapo nikaelewa kwamba alikuwa akitamani sana tumwonyeshe kuwa yeye ndiye aliyekosea.

"Usiongeze," Chef aliniambia polepole. "Punguza bass, songeza kiti."

Nikaleta bafle ndogo za sebuleni, zisizo na bass ya kumeza maneno. Nikazipandisha mezani, usawa wa masikio yake, nikasogeza kiti mpaka magoti yake yakakaribia meza. Wimbo ukaanza upya. Alitulia kabisa. Kwenye ubeti wa pili akainua kidole, akamwelekezea mkewe.

"Huyu," alisema. "Huyu njo weye."

Mama Ngalula akamsogelea sikioni.

"Na vile nilikuwa nakugombeza mu jikoni, haukusikia?"

"Ile nilikuwa nasikia."

Chef alicheka hadi akakaa chini. Wakaondoka na bafle zimefungwa kwenye baiskeli, mume akisukuma, mke akishika kamba na kumwimbia njia nzima.

Nilibaki pale mpaka Chef alipozeeka na kufunga. Siku hizi wajukuu huniletea vispika vyao, wakiniuliza kipi kizuri. Nawaambia watafute kwanza sauti ya mtu wanayemjua vizuri, waisikilize humo. Kama hawamtambui, wasinunue.