Kitenzi cha Kukunja

Nilijifundisha Kifaransa kwa simu, hapa Garissa, katika chumba chenye ukuta wa moto usioegemeka. Kutoka Kifaransa nikaingia Kihispania, kisha Kiromania, ambacho hakuna mtu niliyemjua aliyekihitaji. Hapo ndipo nilipokutana na plicare, kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukunja. Kwa Wafaransa kimekuwa plier, na bado ni kukunja. Kwa Wahispania ni llegar, kufika. Kwa Waromania ni a pleca, kuondoka. Nilisoma kwamba baharia hukunja tanga anapofika, na mtu wa hema hulikunja hema lake anapoondoka.

Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Ayeeyo, bibi yangu wa Balambala, alikunja nyumba na kuipakia juu ya ngamia kila mvua ilipohama.

Nilimwambia mtu mmoja tu: rafiki yangu, binti wa mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Murang'a. Tulijifunza pamoja, na sote wawili tulikuwa tumeomba kazi moja, ukalimani wa Kifaransa Dadaab, kwa wakimbizi wa Kongo. Nafasi ilikuwa moja.

"Abaayo, hiyo lazima useme kwa mahojiano!" alisema. Tangu utotoni huniita dada kwa Kisomali.

"Bado. Kuna wataalamu wanaosema llegar haihusiani na tanga lolote. Nataka nihakikishe."

"Wewe utahakikisha mpaka uote mvi."

Siku ya mahojiano aliingia kabla yangu. Mlango uliachwa wazi kidogo kwa sababu ya joto. Nilimsikia akiombwa azungumzie, kwa Kifaransa, neno analolipenda. Akaanza na plicare. Akataja tanga bila kusita. Halafu akasema, kwa sauti laini, kwamba anamkumbuka bibi yake akikunja nyumba na kuipakia juu ya ngamia.

Bibi yake ana nyumba ya mawe na shamba la chai. Nimewahi kulala kwake.

Wahojaji walikuwa wageni kutoka ng'ambo, na waliguswa. Mmoja akauliza kazi hiyo hufanywa na nani. "Wanaume, bila shaka," akajibu. Nilikaza mikono kwenye benchi. Mpaka leo sijui kipi kiliniuma zaidi, wizi au kosa. Kwetu nyumba ni ya mwanamke; yeye huijenga, yeye huikunja.

Zamu yangu ilipofika, swali lilikuwa lile lile. Kama ningemtaja ayeeyo, mwizi ningekuwa mimi. Nikachagua neno jingine, nikajisahihisha kila sentensi, wakanishukuru mapema.

Kazi alipewa yeye. Nilipomuuliza kwa nini alifanya vile, hakutazama chini. "Si ulisema hauko tayari? Mimi nilikuwa tayari."

Juzi alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Dadaab. "Abaayo, bado umeninunia? Lilikuwa neno tu, wallahi. Sikiza, bosi anataka niwaeleze wageni ile nyumba inavyokunjwa. Nini hutangulia?"

Niliandika jibu lote: mikeka hushuka kwanza, kisha fito zilizopindwa, namna ya kufunga kamba, namna ya kumpigisha ngamia magoti, na kwamba ni kazi ya wanawake. Nikalisoma tena, nikarekebisha koma moja. Ndipo nikalifuta lote, nikaandika: "Muulize bibi yako."