Dude la Salma

Mimi ni katibu wa kamati ya wavuvi hapa Vitongoji, na haya niliyafanya kwa akili zangu timamu. Salma, binti wa kaka yangu, alinitumia picha ya dude la baharini lenye gamba la mviringo, minyiri kumi kama ya pweza, na meno. Kaandika: "Ami, nimelikamata leo!"

Sikuuliza neno. Nikawakataza wanawake kushuka pwani kuchokoa chaza, bamvua zima, siku zile maji yanapotoka mbali, nami nikajiona mlinzi wao.

Bamvua lilipokwisha, Salma akaja kututembelea. Jirani yangu Bi Time akamuuliza alilikamatia wapi dude lile.

"Kwenye gemu ya simu, Bi. Madude haya yalikufa zamani za kale, humo unayafufua kutoka kwenye jiwe."

Bi Time hakucheka. Alinitazama mimi.

"Katibu, wanangu wamekula muhogo mtupu siku nne."