Dua Kabla ya Kura

Mwaka ule wageni walipokatika kwa sababu ya korona, mimi dereva wa watalii niliyezoea kuamka alfajiri kukagua matairi nilijikuta mtu wa mgahawani. Gari la tajiri lilikuwa limepandishwa juu ya magogo. Nyumbani kwangu Ganako nilishapalilia kila kilichopalilika, na mke wangu alishachoka kuniona nikizungukazunguka uani. Basi kila siku saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama muuza chai, karibu na mashine ya kusaga, nikiangalia televisheni yake ndogo iliyofungwa ukutani kwa waya.

Ndipo Wamarekani wakaanza kumshitaki rais wao aliyekwisha kutoka madarakani. Kesi yenyewe ilikwenda wakati sisi tumelala, kwa hiyo tulikuwa tunakula marudio asubuhi pamoja na maandazi. Sauti ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha mgahawa mzima kilikuwa changu. Nilitafsiri nikiwa nimesimama, kikombe mkononi, nikionyesha kwa kidole kama ninavyoonyesha faru kule bondeni. Nakiri kwamba nilifurahi sana. Kwa miezi kadhaa hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kitu chochote.

Watu waligawanyika vibaya. Kuna waliosema huyo mzee afungwe tu, kuna waliosema anaonewa. Mama muuza chai, ambaye hakuwahi kukaa chini tangu nimfahamu, alisema akiwa anakanda unga, "Jamani, mtu ameshatoka kwenye kiti. Sasa mnamfuata mpaka nyumbani kwake mkamfanye nini?"

Mtu mmoja akanigeukia. "Eti dereva, hivi inaruhusiwa? Kumshitaki aliyekwisha ondoka?"

Sisi madereva wa watalii tuna ugonjwa mmoja: tukiulizwa, lazima tujibu, na tujibu kama vile jambo lenyewe tulilianzisha sisi. Nikasema, "Inaruhusiwa kabisa. Seneti yao imelipigia kura siku ya kwanza kabisa. Kutoka kwenye kiti hakumwokoi mtu."

Aliyeniuliza alikuwa mwenyekiti mpya wa kamati yetu ya maji. Akaweka kikombe chini taratibu. "Basi na sisi tunaye wa kwetu," akasema.

Nilijua mara moja anamsema nani, na hamu ya chai ikaniisha.

Mwenyekiti wa zamani wa maji alikuwa mzee jirani yangu, rika la marehemu baba yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akishika ufunguo wa koki kubwa pale kwenye tangi, msitu unapoishia. Tena yeye ndiye aliyetuombea. Kwetu Wairaqw kuna dua ndefu tunayoiita slufay: mzee mmoja anaongoza, anaomba mvua, ng'ombe, watoto, amani na majirani, na wengine wote wanaitikia mstari kwa mstari. Wazee wanaoiweza sasa ni wachache. Yeye alikuwa anaiweza mpaka wasichana wa sekondari wanaweka simu chini.

Kosa lake lilikuwa la kiangazi kimoja kabla hajaachia kiti. Kwa siku mbili mtaa wa chini ulikosa maji, na siku hizo mbili kulikuwa na msiba huko. Wafiwa walipikia waombolezaji kwa maji ya kwenye korongo. Baadaye watu walipopanda kwenye tangi walikuta nyayo za ng'ombe wengi. Ikajulikana kwamba mwenyekiti aliwafungulia Wamaasai koki, mifugo yao ikanywa. Nani alikuja kumwomba, haikujulikana.

Nilimwomba mimi.

Mwenye ng'ombe wale aliwahi kunitoa kwenye tope kule hifadhini, mimi na wageni watano, kwa fahali wake wawili na vijana wa boma lake, na akakataa hata asante. Kiangazi kile alinikuta barabarani, ng'ombe wake wamebaki mbavu. Nikaenda kwa mzee. "Baba, wape siku mbili tu." Mzee akauliza kama naujua msiba wa mtaa wa chini. Nikasema naujua, lakini tangi limejaa, litatosha. Nilisema vile bila hata kwenda kulichungulia. Akachukua ufunguo.

Mkutano uliitishwa Alhamisi ya wiki ileile, kwenye uwanja wa shule, saa tisa. Tulijaa. Mwenyekiti mpya akataka kufungua mkutano, akasita, kwa sababu hakuna mkutano wetu uliowahi kufunguliwa bila slufay, na mwenye slufay ndiye mshitakiwa. Watu wakaanza kutazamana. Mzee akainuka mwenyewe, akarekebisha koti lake, akaomba. Aliomba yote kama kawaida. Alituombea vichwa baridi na midomo yenye ukweli. Mia na kitu tukamwitikia, na mimi nikaitikia kwa sauti kubwa.

Kisha mwenyekiti mpya akanitaka nisimame niwaeleze wananchi utaratibu wa Marekani. Nikasimama. Nikaeleza, tena kwa ufasaha. Nikakaa chini.

Mzee hakubisha lolote. "Koki niliifungua mimi," akasema. "Msiba niliujua. Wafiwa nawaomba radhi."

"Nani alikutuma?" mtu wa mtaa wa chini akauliza. "Sema, mzee. Kama kuna aliyekushawishi, kosa linapungua."

Mzee akavua kofia, akaipangusa, akaivaa. Akakohoa. Akatafuta leso mfukoni, akaikosa, akatafuta mfuko wa pili. Ilichukua muda mrefu mpaka wengine wakaanza kucheka, na mimi nikajiambia ni uzee. Ndipo akasema, "Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu," akakaa.

Ikaamuliwa kwa kunyoosha mikono kwamba asishike tena dhamana yoyote ya kijiji, na asituombee tena kwenye mikutano. Mikono ikainuka kushoto kwangu na kulia kwangu. Wa kwangu nao niliunyoosha. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka vinginevyo, lakini niliunyoosha.

Jumapili televisheni ikatuonyesha kwamba yule wa Marekani ameachiwa. Kura za kumtia hatiani hazikufika theluthi mbili. Mgahawa ukapiga kelele. Mama muuza chai peke yake ndiye aliyenitazama. "Na wetu je?" akauliza. Nikajifanya sikusikia, nikaomba chapati ambayo sikuitaka.

Wageni wakarudi, gari likashushwa kwenye magogo, nikapata kisingizio cha kutokuwepo. Kila nilipopita mbele ya nyumba yake na wageni, mzee aliinua mkono, nami nikapiga honi. Miaka ikaenda hivyo. Mwezi uliopita ndipo nilipoingia, na sukari na majani ya chai kwenye mfuko. Nilimkuta anachambua maharage. Amekonda. Nikamwambia yote aliyokuwa anayajua: kwamba nilimdanganya kuhusu tangi, kwamba nilinyamaza, kwamba nilinyoosha mkono.

Aliendelea kuchambua. "Siku ile nilikupa muda," akasema. "Leso nilikuwa nayo, mwanangu."

Kisha akauliza, "Na yule wa Marekani, walimfanyaje?"

Kumbe hakuwahi kuambiwa. Kwenye mgahawa hakuja tena, na hakuna aliyeona sababu ya kwenda kumsimulia.

"Walimwachia, baba."

"Vizuri," akasema, na sikuona kejeli yoyote usoni mwake. "Mtu mzima ni vibaya kumaliza hivyo."

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano. Siku hizi unafunguliwa kwa sala fupi, mtu anaisoma haraka haraka, wengine wanaendelea kuzungumza. Nilinyoosha mkono, nikasimama, nikasema mbele ya wote kwamba aliyemwomba mzee afungue koki ni mimi, na aliyemdanganya kuhusu maji ni mimi, na kwamba naomba uamuzi ule ufutwe. Nilitegemea wanizomee. Hata hilo sikupata. Mwenyekiti akasema, "Asante, dereva, tumekusikia. Lakini hayo yameshapita, mzee mwenyewe ameshazeeka. Tuendelee na ajenda ya mabomba." Yaani mwenyekiti yuleyule niliyemfundisha kwamba aliyeondoka bado anaweza kushitakiwa. Wa mtaa wa chini, ambao wafiwa wao walipikia maji ya korongo kwa sababu yangu, walinitazama kidogo, wakageukia mabomba.

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwa mzee. Jua lilikuwa bado juu. Nikamweleza nilivyosema na walivyojibu.

"Ulisimama?" akauliza.

"Nilisimama."

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote, baba. Lakini wamekataa kufuta."

Akaweka ungo wake wa maharage chini. Akainuka kwa kushikilia mlango, akarekebisha koti, akasogea mpaka kwenye kizingiti, akatazama upande wa shule. Halafu akaanza slufay. Nilidhani ataomba mistari miwili mitatu ya kunifariji. Aliiomba yote: mvua, ng'ombe, watoto, mtaa wa juu, mtaa wa chini, mwenyekiti mpya, na Wamaasai na mifugo yao. Kila mwisho wa mstari aliacha nafasi ileile aliyokuwa akiiacha uwanjani, nafasi ya watu mia na zaidi kuitikia. Nikaitikia peke yangu, kila mstari, na sauti yangu haikutosha.