Sukari Niliyokatazwa Mimi, Akapewa Mwanangu

Mimba yangu ya tatu niliibeba Mbagala, enzi za Mwingereza, nikiwa nimeshazika wawili. Wote walizaliwa wakubwa, wanono, na wote walizaliwa wafu. Watu walisema ni kijicho. Mie nilichoona ni kiu isiyokatika, na sisimizi waliojaa chooni kila nilipotoka kujisaidia.

Hospitali ya mjini walichemsha mkojo wangu na dawa ya buluu, ikageuka rangi ya tofali. Daktari Mzungu akasema maneno mengi, mkalimani akanitolea machache: nina ugonjwa wa sukari, nichomwe insulini kila siku hadi nijifungue. Nikauliza kama ndio uliowaua wanangu. Mkalimani hakumfikishia daktari swali langu. Aliniambia nimpishe mgonjwa mwingine.

Mume wangu, kuli wa bandarini, akajifunza kunichoma. Sindano ya kioo tuliichemsha kwenye sufuria yake peke yake, na kichupa cha dawa tulikiegemeza kwenye mtungi wa maji kipate ubaridi. Hayo niliyaweza. Walionishinda ni watu. Mama mkwe wangu, aliyenipenda kweli, alinipikia uji wa tui na sukari. Nikikataa, analia kwamba namnyima mjukuu wake chakula. Majirani wakasema sindano za kila siku ndizo zitakazoiharibu mimba. Nesi wa hospitali naye, kila mkojo ulipogeuka rangi, alinifokea kuwa mimi ni mkaidi, nala halua kwa siri, na mie sijaonja hata ndizi mbivu tangu Ramadhani. Nikaapa. Hakunisikiliza. Kuna wakati dawa iliwaishia pale hospitali, wakaniambia nirudi siku nyingine. Nikarudi, na tumbo lile, juu ya lori la mihogo. Wakaniambia nirudi tena.

Nilijifungua palepale hospitali, mchana, mtoto wa kiume, mkubwa, na akalia. Manesi wakamsifia unene. Haukupita muda nikaona midomo inamtetemeka, kisha akalegea, ziwa halitaki. Nikamwita nesi. Akasema mtoto kachoka, nimwache alale. Nikamwita tena, akasema nina wasiwasi wa bure. Nikashuka kitandani, damu ikinichuruzika, nikambeba hadi kwenye meza ya nesi, nikamlaza hapo.

"Mtazame," nikasema. "Nimeshazika wawili. Huyu sitamzika nikiwa nimenyamaza."

Alipomtazama, alikimbia kumwita daktari. Wakampitishia maji ya sukari kwa mpira mwembamba puani. Baadaye akafumbua macho, akaanza kutafuta ziwa.

Mama mkwe alipokuja nikamsimulia. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa sukari hii ni sumu au ni dawa?"

Nikalipeleka swali hilo kwa daktari. Safari hii mkalimani alilifikisha. Kumbe mtoto alizoea sukari yangu nyingi tumboni. Kitovu kilipokatwa ikakatika ghafla, na mwili wake ukaendelea kuiunguza ile kidogo iliyobaki. Maneno machache tu, nikayaelewa yote.

"Mbona hamkuniambia mapema?"

Mkalimani akauliza, akasikiliza, akatazama sakafu. "Anasema hakudhani ungeelewa."

Sindano ziliachwa kabla sijatoka hospitali. Mwanangu yu hai, ana watoto wake sasa, na huwa namshukuru Mungu. Lakini jibu lile la daktari kila nikilikumbuka, hasira hunipanda kama siku ile, na wa kumtolea hasira hiyo simwoni.