Alasiri kwa Fundi wa Darsait

Juzi, Darsait, mtaa wetu huku ng'ambo, niliwaona wauza duka wawili, Mhindi na Mpakistani, wakisikiliza kwenye simu habari za mapigano ya mpakani kwao. Hawakutazamana. Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni.

Bibi alinipeleka kwa fundi cherehani, Mpakistani, kuchukua gauni langu. Duka lilinuka mvuke na nguo mpya. Mpiga pasi wake alikuwa Mhindu, na miaka yote wakila pamoja. Siku ile redio ilitangaza vita baina ya nchi zao, nao wakatukanana kwa lugha yao moja, fundi akiwa na mkasi mkononi. Mpiga pasi akaizima pasi, akaondoka.

"Wanagombania nini, Bibi?"

"Nchi yao ilikatwa mapande mawili, mwanangu, kwa ajili ya dini. Na hawa walikuwa hawajazaliwa."

Nikadhani nchi hukatwa kwa mkasi kama ule. Bibi akanivuta nyuma yake, macho kwenye mkasi, nikajua naye anauogopa.

"Twende zetu," alisema. "Nna khofu."

Gauni tukaliacha. Miaka mingi baadaye mama aliniambia kwamba kule Unguja, siku za mapinduzi, kabla Bibi hajakimbilia huku, waliouvunja mlango wa Bibi walikuwa majirani waliozoea kumwita dada.