Kitambaa cha Akiba

Fundi cherehani hujikuna viganja kwa rula ya mbao huku miguu ikiendelea kukanyaga pedali. Kila asubuhi husimama mbele ya kioo cha wateja, akavuta kope na kushika kitambaa cheupe kando ya jicho, aone umanjano umezidi au umepungua. Mteja akiuliza, hamfichi. "Mirija ya nyongo imebana, dada, kama shati lililofuliwa kwa maji ya moto. Nyongo haipiti vizuri, inaliumiza ini. Huu ni ugonjwa wa kuishi nao." Suruali zake amezipunguza mara tatu tangu aanze kukonda, lakini kitambaa kinachozidi hakikati. Hukikunjia ndani ya mshono.

"Si ukate tu, baba watoto," mkewe humtania. "Unaonekana umefunga mto kiunoni."

"Nikikata, nitavaa nini nikinenepa?"

Mwezi uliopita daktari aliuzibua mrija mmoja uliobana zaidi. Leo fundi kaacha kushona, kamsogelea mkewe na kumpa wembe. "Nifumulie hapa nyuma, mama. Suruali inanibana." Mkewe akafumua polepole, na kitambaa kikajitokeza, rangi yake ingali mpya.