Samaki wa Dada

Kila nikifungua gunia la chumvi ya ng'ombe, harufu yake hunirudisha sebuleni. Dada alikuwa chumbani, mgonjwa, na baba alikuwa amemnunulia tangi kubwa la kuhamishia samaki wake wa baharini na matumbawe yao. Maji ya tangi la zamani yalifika nusu tu ya lile jipya. Mimi, profesa wa darasa la pili, nikajazia maji ya kisima na kopo zima la chumvi ya ng'ombe.

Asubuhi samaki wote walikuwa wanaelea.

"Wameipenda nyumba mpya?" dada aliuliza kutoka kitandani.

"Wamelala tu, wavivu kama wewe."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi usiwaamshe, mdogo wangu."

Sikuwahi kumwambia ukweli. Tangi lile sasa tunawekea maharage, na chumbani kwake nalala mimi.